Somoe mwanangu, Mikindani inatembewa kwa miguu

Somoe mwanangu, waalaikum salaam. Ile voisi yako nimeisikiliza mara mbili, ya kwanza nilikuwa sokoni makelele sikuambulia kitu, nimerudi nyumbani ndo nimetulia nikaelewa. Nimefurahi sana kwamba likizo hii unakuja na wenzio watatu ambao kusini hawajawahi kufika. Ila pale uliposema Mikindani mtapita masaa mawili tu, mpige picha Boma, lile jumba la Wajerumani, alafu mkimbilie Msimbati kuogelea, hapo roho imeniuma mwanangu. Msimbati bahari nzuri sikatai na mtaenda, lakini iwe siku nyingine. Mikindani ipeni siku nzima, na mlale huko huko kwa bibi yako, chumba cha uani kipo.

Kwanza msikodi gari. Kutoka hapa Mtwara mjini ni kama kilomita 10 tu barabara ya Lindi, daladala zinapita, na mkishashuka gari halina kazi tena, mji wenyewe ni nyumba zilizofuata bahari na vichochoro vinavyopanda kilimani, mtu mwenye haraka anaumaliza hata jasho halijamtoka. Nyie msiwe na haraka. Tokeni kwa bibi alfajiri baada ya kunywa chai, mkaone mitumbwi inavyorudi na samaki, tembeeni mpaka jua likianza kuwaka, rudini mle mlale, alafu mtoke tena baada ya alasiri wazee wakishakaa barazani. Saa saba mchana msihangaike nje, mtaona milango imefungwa mtasema mji umekufa, kumbe watu wamelala. Na mtakuja Agosti, mvua hakuna na upepo wa kusi unapuliza, ndo wakati mzuri kabisa wa kutembea, Desemba mngeungua.

Jambo kubwa ni salamu, na hili wafundishe wenzio kabla hamjapanda basi. Kila baraza mtakayopita ina mtu, mkiona mzee simameni, shikamoo, subirini aitikie, akiuliza nyie wa wapi mwambie wewe mjukuu wa nani, usione aibu kutaja ukoo. Mimi nilivyokwenda na shangazi yako mwaka ule tulisimama kumsalimia bibi mmoja anasuka ukili, tukaishia kuingizwa ndani mpaka uani tukaonyeshwa mlango wa nakshi ambao toka nje huwezi kuujua kama upo. Yaani picha nzuri za Mikindani ziko ndani ya nyumba za watu, na hauingii bila salamu. Na simu isitangulie mbele ya mdomo, mtu aombwe kwanza, akikataa basi, hasa akina mama wanaotoka pwani na ndoo zao za pweza.

Nyumba zenyewe ziangalieni vizuri. Zile za zamani zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa ya kuchoma, juu wameweka boriti za mikoko, na ndo maana vyumba vyake ni virefu ila vyembamba, kwa sababu boriti ya mkoko haizidi sana mita tatu, fundi hawezi kutanua chumba kuliko mti wake. Waonyeshe na zile zenye roshani za mbao juu. Mtakuta nyingine ukuta umesimama ila paa hakuna, mibuyu na mizizi imeingia. Nyumba ya mawe ikishatoka paa tu mvua inaingia juu ya ukuta inakula chokaa, miaka michache imelala chini. Ya babu mkubwa ilikwenda hivyo hivyo tunaiangalia, ndugu wanavutana nani atoe hela ya bati, na mimi nilikuwa mmoja wao. Nakuomba upite pale ulipobaki ukuta wa mbele, bibi atakuelekeza, wapigie picha wadogo zako waione.

Boma mtaliona tu, jeupe pale juu, Wajerumani walilijenga 1895, likaja kuwa gofu kisha likakarabatiwa na sasa ni hoteli, ombeni ruhusa mpande juu muone ghuba ilivyokaa kama bakuli. Hapo msichukue muda mrefu.

Pale chini kwenye jengo wanaloliita soko la watumwa ndo nataka msimame. Misafara ilikuwa inatoka huko ziwa Nyasa inaleta pembe na watu mpaka pwani hizi zetu, na soko la Zanzibar lilifungwa 1873 tu, sultani Barghash alipotia saini mkataba na Waingereza. Wenzio wakianza kuuliza nani aliuza nani, uwe makini, usijibu kwa sauti barazani. Mikindani kuna wajukuu wa waliofungwa na wajukuu wa waliofunga na wanaswali safu moja, wazee wetu waliamua kutosimangana, na nyie msiyafukue kwa mchezo.

Alafu kuna nyumba yenye kibao cha Livingstone, yule mzungu mmisionari. Inasemekana alikaa hapo, ila kwamba alishukia Mikindani 1866 safari yake ya mwisho hilo ni kweli. Waambie na habari za Chuma. Chuma alikuwa Myao, mtoto wa huko kusini ya ziwa Nyasa, alikombolewa kwenye msafara wa watumwa 1861 akiwa bado mdogo, akaondoka hapa na yule mzungu, na mzungu alipofariki 1873 huko ambako leo ni Zambia, yeye na Susi, mtumishi mwenzake, na wenzao ndo walioubeba mwili wake kwa miguu miezi mingi mpaka Bagamoyo. Kila nikipita pale natafuta jina la Chuma. Wewe unasoma historia mwanangu, nani atalisema kama sio nyie.

Watakuuliza kwanini mji wenye bandari ya zamani hivi umekuwa kimya. Waingereza walileta mradi wa karanga 1947 kule Nachingwea, wakataka bandari ya kina kirefu na reli, wakaijenga Mtwara. Karanga zilishindikana na reli ikaja kung'olewa, lakini biashara ilikuwa ishahama, na babu yako aliifuata huku kutafuta kibarua, ndo maana mimi nimezaliwa Mtwara nawe hivyo hivyo.

Nguo, mlete kanga, hata hao wenzio, kaptula zibaki za Msimbati. Ndala za kukanyagia mawe zisizoteleza. Hela toeni mjini kabisa. Kula msihangaike na hoteli, asubuhi kuna vitumbua na chai ya tangawizi, jioni samaki wa kukaanga na muhogo pale barabarani, na mkikuta mama anauza ming'oko ya kuchemsha nunueni hata ya buku, wenzio hawajawahi kuionja, waambie inachimbwa porini hailimwi.

Bibi nimeshampigia, anauliza kama kuna asiyekula pweza, na kama yule mwenzio wa Mbeya atalala na chandarua maana mbu wa uani anawajua mwenyewe. Nijibu leo usiku kabla sijalala, nataka kesho asubuhi nimwahi mvuvi.

Mama yako.