Gereji ndogo zinaweza kuacha kumwaga oili chafu mtaroni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme na mafundi wenzangu, wenye gereji na maofisa wa manispaa zetu hapa Dar es Salaam. Kila masika, maji yanayotoka kwenye viwanja vya gereji hupita mitaroni yakiwa na utando wa mafuta hadi Mto Msimbazi, na bondeni mwa mto huo ndiko watu wanakolima mchicha. Dawa inayotajwa mara nyingi ni kuwahamisha mafundi. Gereji ikihamishwa bila sakafu, bila paa na bila pipa, uchafu nao utakuwa umehama tu.

Gari dogo la petroli hutoa oili chafu takriban lita 4. Gereji inayobadilisha oili ya magari matano kwa siku hukusanya lita 20, kwa hiyo pipa la lita 200 hujaa ndani ya siku kumi. Pipa hilo likae juu ya zege, chini ya paa, ndani ya kiukuta cha matofali kilichopigwa plasta. Kiukuta chenye mita 1 kwa mita 1 kwa ndani na kimo cha sentimita 22 kinabeba lita 220, hivyo pipa likitoboka oili yote inabaki humo. Mdomo wa pipa uwe na mfuniko. Maji yakiingia, oili hurukaruka inapochomwa tanurini, na mnunuzi halali ataikataa.

Kosa kubwa zaidi ni kuchanganya. Petroli iliyooshea vipuri, maji ya rejeta, mafuta ya breki na thina, vyote humwagwa pipa moja. Petroli kidogo tu inatosha kulifanya pipa zima lishike moto kirahisi. Kila kitu kiwe na dumu lake lenye maandishi ya rangi. Kulanti, yaani dawa ya kupoza injini inayotiwa kwenye rejeta, isiachwe kwenye karai wazi, kwa kuwa ni tamu. Mbwa huiramba na kufa.

Filta ya oili nayo isitupwe ikiwa imejaa. Nyingi zina vali ya mpira inayozuia oili isirudi, ndiyo maana hata ukiigeuza haitoki yote. Itoboe upande wa kitako ingali na joto, uiinamishe juu ya karai kwa saa 12, ndipo bati lake liende kwa mnunuzi wa vyuma chakavu.

Sasa chemba ya mafuta, yaani shimo la kutenganisha mafuta na maji ya kuoshea kabla hayajaingia mtaroni, ambayo wengi huijenga vibaya. Inahitaji vyumba vitatu vilivyofuatana. Kila kimoja kikiwa na sentimita 60 kwa 60 na kina cha maji cha sentimita 90, jumla ni karibu lita 970. Mpira wa maji unaotoa lita 15 kwa dakika utayaacha maji humo kwa saa moja hivi, muda wa kutosha mchanga kuzama na mafuta kuelea. Siri iko kwenye bomba la kutoka chumba kimoja kwenda kingine: lishuke hadi sentimita 30 kutoka sakafuni, lichote maji ya chini na kuyaacha mafuta juu. Tumia kiungo cha T kilicho wazi kwa juu badala ya kiwiko, la sivyo bomba litavuta kama mpira wa kunyonyea petroli na kumaliza chumba chote pamoja na mafuta yake. Kabla ya kuitumia, ijaze maji, iache siku nzima, weka alama, kisha uangalie kesho yake kama yamepungua.

Hata chemba nzuri hushindwa kwa sababu mbili. Ya kwanza ni sabuni ya unga: huyavunja mafuta kuwa chembe ndogo zisizoelea, nayo yanapita moja kwa moja. Kwa hiyo oili iliyomwagika sakafuni ifunikwe kwanza kwa vumbi la mbao, ifagiliwe, na maji yawe ya mwisho. Ya pili ni mvua. Sehemu ya kuoshea isipoezekwa, mvua moja ya masika inaijaza chemba na kuyasukuma nje mafuta yaliyokusanywa kwa miezi. Tope linalotolewa humo ni taka hatarishi. Lisifukiwe nyuma ya gereji.

Betri mbovu zisimamishwe wima kwenye trei ya plastiki, na asidi ikimwagika ipunguzwe makali kwa chokaa au magadi. Vumbi la breki lisipulizwe kwa kompresa. Lifutwe kwa kitambaa kibichi. Gesi ya AC aina ya R-134a isiachiwe hewani: kilo moja hupasha dunia joto mara zaidi ya elfu moja kuliko kilo moja ya kaboni dayoksaidi kwa kipindi cha miaka 100.

Kinachobaki ni mahali pa kuipeleka oili. Leo humfikia yeyote mwenye dumu, akapake mbao dhidi ya mchwa au amwagie barabara ya vumbi. Oili iliyotumika ina metali zilizosagika ndani ya injini na kemikali zinazoweza kusababisha saratani ya ngozi. Kuikusanya na kuisafirisha kunahitaji kibali chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, lakini mkusanyaji mwenye kibali hawezi kufuata pipa moja uchochoroni. Manispaa zitenge kituo kimoja cha kukusanyia katika kila kata yenye gereji nyingi, siku ya kuchukua itangazwe, na ofisa anayekuja kukagua leseni ya biashara aulize pia risiti ya kukabidhi oili chafu. Mafundi tuko tayari kuchangia gharama za tangi la kituo hicho.

Fundi magari,
Dar es Salaam