Mkutano wa Jumamosi: sanaa ya mpakani

Habari za jioni wapendwa,

Jumamosi tunakutana mtandaoni saa 2:00 usiku, siyo saa 1:00 kama tulivyopanga. Mada ni video na kazi za sanaa zilizosimikwa mpakani mwa Marekani na Meksiko.

1. Tutaanza na bembea za Julai 2019: mihimili mitatu ya pinki iliyopenyezwa kati ya nguzo za uzio, Sunland Park (Marekani) upande mmoja, Ciudad Juárez (Meksiko) upande wa pili. Mtoto wa huku akishuka, wa kule anapanda. Hazikudumu hata saa nzima. Wengi wetu tunazijua kupitia video tu. Hapo ningependa tukae sana, maana mimi kila nikiitazama naguswa upya.

2. Kisha farasi wa mbao mwenye vichwa viwili wa msanii Marcos Ramírez ERRE, mwaka 1997, kwenye kivuko cha mpakani kati ya Tijuana (Meksiko) na San Diego (Marekani).

3. Kila mmoja aje na swali moja.

Nahitaji pia mtu wa kuandika kumbukumbu. Nani atanisaidia?

Tafadhali andika "Nipo" au "Sitakuwepo" kabla ya Alhamisi saa 6:00 mchana, ili nitume kiungo mapema. Asanteni sana.