Clara Lemlich hakuwa msichana wa hotuba moja

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua ili niongeze machache kwenye makala mliyoichapa kuhusu mgomo wa washona blauzi wa New York wa mwaka 1909. Mwandishi ameusimulia vizuri mkutano wa Novemba 22 katika ukumbi wa Cooper Union, lakini amemwacha Clara Lemlich, mshonaji aliyetoa hoja ya mgomo huo, pale pale jukwaani, kana kwamba alizaliwa usiku ule na kutoweka kulipopambazuka. Usiku ule alikuwa na umri wa miaka 23, na aliishi hadi mwaka 1982.

Lemlich alizaliwa mwaka 1886 huko Gorodok, Ukraine, iliyokuwa chini ya Dola la Urusi, katika familia ya Kiyahudi iliyozungumza Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki. Baba yake hakutaka Kirusi kiingie nyumbani mwake. Binti, kwa upande wake, alishona matundu ya vifungo na kuwaandikia barua akina mama wasiojua kusoma, ambao watoto wao walikuwa wamehamia Marekani, ili apate fedha za kununulia vitabu vya Kirusi alivyovisoma kwa kificho. Nayataja haya kwa sababu naamini kazi yake ya kuwaunganisha wafanyakazi ilianzia hapo, katika kuketi na mtu, kuisikiliza shida yake na kuiandika kwa maneno ambayo mwenyewe atayakubali kuwa ni yake.

Familia hiyo ilihamia New York baada ya Wayahudi kushambuliwa na kuuawa huko Kishinev mwaka 1903. Katika viwanda vya blauzi Clara alipanda hadi kuwa fundi stadi, mwenye ujira mzuri kuliko wasichana wengi waliomzunguka, na kama angetaka kunyamaza angeweza kuishi kwa utulivu. Wenzake walikuwa wakikatwa mishahara kwa ajili ya sindano, uzi na hata umeme uliozungusha cherehani. Alijiunga na Tawi la 25 la ILGWU, chama cha wafanyakazi wa nguo za kike, akaingia katika kamati yake ya utendaji. Viongozi wakuu wa chama hicho, licha ya jina lake, walikuwa wanaume, na wengi wao waliamini kwamba wasichana hawawezi kuunganishwa kwa kuwa wataolewa kesho na kuondoka kiwandani. Alibishana nao miaka kadhaa kabla ya kubishana na matajiri hadharani, na miezi miwili hivi kabla ya mkutano wa Cooper Union alikuwa amevunjwa mbavu na wahuni waliokodiwa kuwapiga wagomaji katika kiwanda alichofanyia kazi.

Kwa hiyo alipoomba kusema, baada ya saa mbili hivi za hotuba za wazee wa harakati, akiwamo Samuel Gompers, kiongozi wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi la Marekani, ukumbi haukumsikiliza kwa kushangazwa na ujasiri wa mtoto. Wengi walikuwa wakimfahamu. Alisema kwa Kiyidi, kwa maneno machache, kwamba amechoka na maneno matupu, akatoa hoja ya mgomo wa jumla. Mwenyekiti, Benjamin Feigenbaum, akawataka waliokubali wainue mkono wa kulia na kuapa kwamba wakiusaliti mgomo, mkono huo na ukauke. Wafanyakazi wapatao 20,000, wengi wao wanawake, waliacha kazi.

Lugha iliyowaunganisha iliwaacha wengine nje, na hilo makala yenu haikuligusa. Wanawake wa Kiitaliano, waliokuwa sehemu kubwa ya washonaji, walijitokeza kwa idadi ndogo zaidi, na sababu mojawapo ni kwamba chama kilikuwa na waratibu wachache mno walioweza kuzungumza nao kwa Kiitaliano.

Pia naomba kusahihisha sentensi inayosema kwamba mgomo ulishinda. Ulipokwisha Februari 1910, kampuni zaidi ya 300 zilikuwa zimekubaliana na chama. Triangle ilikuwa miongoni mwa zilizokataa kukitambua. Kiwanda hicho kiliwaka moto Machi 25, 1911, watu 146 wakafa, na mmoja wa milango ya kutokea ulikuwa umefungwa kwa kufuli.

Lemlich mwenyewe aliwekwa katika orodha ya wasiopewa kazi. Aliingia katika kampeni ya haki ya wanawake kupiga kura, akaolewa mwaka 1913, na alipokuwa akilea watoto Brooklyn alianza kuwaratibu akina mama wa nyumbani, watu ambao vyama vya wafanyakazi havikuwahesabu kabisa, kupinga bei za nyama na kodi za nyumba. Alijiunga na Chama cha Kikomunisti mwaka 1926 na akaendelea kuutetea Umoja wa Kisovyeti hata pale ambapo mtu mwenye macho makali kama yake, kwa maoni yangu, alipaswa kuuliza maswali. Jambo hilo nalo lielezwe, kwa kuwa linasaidia kueleza kwa nini serikali ilimnyang'anya pasipoti mwaka 1951 na kwa nini jina lake lilififia katika sherehe za ILGWU.

Alirudi kwenye cherehani katika miaka ya 1940 na kustaafu mwaka 1954, kisha akalazimika kupigania kwa muda mrefu pensheni kutoka kwa ILGWU ile ile aliyoipigania. Akiwa katika nyumba ya wazee huko Los Angeles, aliushawishi uongozi wa mahali hapo kususia zabibu kwa ajili ya vibarua wa mashambani, na akawahimiza wahudumu waliomtunza waunde chama chao.

Ombi langu, Mhariri, ni kwamba mwandishi wako apewe nafasi ya makala ya pili, na aanze na mwaka 1935, wakati akina mama waliosusia nyama walipofanya maelfu ya mabucha ya New York yafungwe. Lemlich alikuwa miongoni mwa viongozi wao, na habari hiyo sijaiona katika gazeti letu lolote.

Msomaji wako wa siku nyingi