Barua ya malalamiko: Mlitoa rekodi za simu zangu bila amri ya mahakama

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Kampuni ya Simu.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: KUTOLEWA KWA REKODI ZA SIMU ZA MWANDISHI WA HABARI

Mimi ni mwandishi wa habari za uchunguzi na mteja wenu wa miaka mingi. Nilipoitwa kuhojiwa kuhusu habari niliyoichapisha, mpelelezi aliweka mezani karatasi zenye nembo ya kampuni yenu: namba nilizopiga, namba zilizonipigia, saa, muda wa mazungumzo na mnara uliobeba kila simu. Nilipouliza amri ya mahakama iko wapi, nilijibiwa kuwa barua ya ofisi yake ilitosha. Muda mfupi baadaye, mtu mmoja ambaye namba yake imo kwenye karatasi hizo alisimamishwa kazi. Sitasema kama ndiye aliyenipa habari au siye, wala habari yenyewe ilihusu nini, kwa sababu barua hii nayo inaweza kufika mikononi mwa watu wale wale.

Kitengo chenu cha huduma kwa wateja kilinijibu kwamba kampuni hushirikiana na vyombo vya dola kwa mujibu wa sheria, na kwamba hakuna mazungumzo yaliyotolewa, ila orodha tu. Neno hilo "orodha tu" ndilo limenifanya nikuandikie wewe moja kwa moja.

Kwa mwandishi, orodha ndiyo siri yenyewe. Yale tuliyozungumza yameshachapishwa na kila mtu ameyasoma. Kinachofichwa ni nani aliyeyasema, na kulijua hilo hakuhitaji kusikiliza simu ya mtu. Inatosha kuona namba iliyonipigia usiku wa kuamkia siku ya habari kutoka, ikaongea dakika chache, isipige tena. Ukiongeza mnara, unajua na eneo alipokuwa akipiga. Wangetaka nimtaje mimi, wangelazimika kunifikisha mbele ya hakimu nikiwa na wakili wangu. Kwenu walipita mlango wa uani, nanyi mkawafungulia.

Mhudumu wenu aliongeza kuwa ningetumia programu zinazosimba mawasiliano kwa njia fiche. Ninazitumia. Lakini mtu mwenye jambo la kusema hupiga kwa simu aliyonayo mkononi, mara nyingi kwa hofu, mara nyingi mara moja tu. Kumwambia kwamba angejilinda mwenyewe ni kumtwisha mzigo ambao ni wenu.

Ulinzi ninaoudai haukubuniwa na mimi. Mwaka 1996, katika kesi ya Goodwin dhidi ya Uingereza, Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilieleza kuwa vyanzo vya habari visipolindwa, watu wataogopa kuvisaidia vyombo vya habari kuujulisha umma. Mwaka 2021 mahakama hiyo hiyo ikaona kwamba utaratibu wa Uingereza wa kuchukua data za mawasiliano kutoka kwa kampuni haukuwa na kinga ya kutosha kwa vyanzo vya waandishi. Yaani suala lilikuwa hiyo hiyo mnayoiita orodha tu. Azimio la Kanuni za Uhuru wa Kujieleza na Upatikanaji wa Habari Barani Afrika la mwaka 2019, katika Kanuni ya 25, linasema ni mahakama pekee inayoweza kuamuru chanzo kitajwe, tena kwa masharti mazito, na linakataza dola kuikwepa kinga hiyo kwa kufuatilia mawasiliano bila mahakama huru. Na msiseme wajibu ni wa serikali peke yake. Kanuni Elekezi za Umoja wa Mataifa kuhusu Biashara na Haki za Binadamu za mwaka 2011 zinaitaka kila kampuni iheshimu haki za binadamu, serikali itimize wajibu wake au isitimize.

Nataka kujua ni kifungu gani cha sheria mlichokifuata, nani alisaini ombi, nani kwenu aliliidhinisha, na ni rekodi za kipindi gani zilizotolewa. Nataka nakala ya kila kilichotoka. Nataka pia mnieleze kwa nini sikuarifiwa, hata baada ya mambo kwisha. Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini, katika kesi ya mwaka 2021 ya amaBhungane, kituo cha uandishi wa habari za uchunguzi, iliona kuwa sheria inayoruhusu mtu kufuatiliwa bila kuambiwa baadaye inakiuka katiba, maana asiyejua hawezi kulalamika. Mimi nimejua kwa sababu tu mpelelezi aliamua kunionyesha. Wateja wenu wangapi hawakuonyeshwa?

Zaidi ya hayo, kuanzia sasa ombi lolote linalogusa laini ya mwandishi lipitie kwa wanasheria wenu, na lisipokuwa na amri ya mahakama likataliwe kwa maandishi.

Nisipopata majibu ndani ya siku 14, nitapeleka suala hili kwa mamlaka ya ulinzi wa taarifa binafsi, kisha mahakamani. Majibu yaje kwa maandishi kupitia kwa wakili wangu. Tafadhali msinipigie kwenye laini ambayo mlitoa rekodi zake.

Wenu,
Mwandishi wa habari na mteja

Nakala: Wakili wangu, Mhariri Mkuu