Rehema, iondoe sentensi ile

Mpenzi Rehema,

Salamu nyingi kwako, kwa baba watoto na kwa watoto wote. Mie sijambo, ila mgongo tu, na huo umeshakuwa mwanafamilia. Shuleni tulifundishwa kuandika kwamba madhumuni ya barua ni kujuliana hali, lakini tusidanganyane: kimya kimekuwa kirefu, na kilichonishikisha kalamu leo ni hotuba yako.

Nimeisoma yote. Ule mwanzo wa kuwataja wauguzi usiuguse. Kile kichekesho cha Mzee Kombo na barakoa kitawavunja watu mbavu. Sasa pale katikati, unaposema waliojiua kwa sababu ya kufungiwa ndani walikuwa wengi kuliko waliouawa na korona yenyewe. Rehema! Hiyo umeitoa wapi? Usiniambie ni ule ujumbe wa Jabiri kwenye kundi. Jabiri ni yule yule aliyekuwa akitutangazia kila mwezi kwamba ugonjwa umekwisha.

Tuanze na hesabu, maana najua utanibishia. Shirika la Afya Duniani lilikadiria vifo vya ziada, yaani vilivyozidi vya miaka ya kawaida, vilivyoletwa na janga lile, kwa ugonjwa wenyewe au kwa athari zake, vilikaribia milioni 15 kwa mwaka 2020 na 2021. Wanaojiua duniani kote, kwa sababu zozote zile, ni kama laki saba kwa mwaka, na idadi hiyo ilikuwapo kabla korona haijajulikana. Hata ukivitwisha vizuizi lawama ya wote hao, wa miaka yote miwili, hufiki popote.

Lakini si hesabu inayoninyima raha. Ni kwamba Mama Salha atakuwa amekaa safu ya mbele.

Unajua habari za mwanawe Nassor, aliyejiua wakati wa vizuizi, ila sidhani kama unajua hili. Nilipokwenda kumwona mamake, alitoa simu ya mwanawe, bado anaichaji, akanifungulia ujumbe mmoja aliomwandikia yeye mwenyewe wakati ule: "Usitoke mwanangu, kaa ndani, nitakuletea kila kitu." Akaniuliza, "Mwanaidi, ni mimi niliyemfungia?" Nilikosa la kumjibu, nikamshika mkono tu. Wewe na mimi tunajua Nassor alianza kukosa usingizi na kujitenga muda mrefu kabla ya korona. Alishawahi kulazwa. Halafu akapoteza kazi, halafu kliniki aliyokuwa akihudhuria ikasimamisha mahudhurio. Mambo mengi yalikusanyika juu ya kijana mmoja. Sasa wewe usimame na kipaza sauti useme kufungiwa ndani ndiko kulikoua? Mamake atasikia kama ametajwa yeye.

Najua utasema nakanusha mateso ya watu. Hapana. Watu waliumia, tena sana. Shirika hilo hilo lilisema mwaka 2022 kwamba katika mwaka wa kwanza wa janga, wasiwasi na sonona viliongezeka duniani kwa asilimia 25, na walioathirika zaidi ni vijana na wanawake. Ila kuumia ni kitu kimoja na kujiua ni kingine, na takwimu za hivyo viwili hazikwenda pamoja. Watafiti waliokusanya takwimu za nchi 21, nyingi zikiwa tajiri, waliona kwamba katika miezi ya mwanzo ya janga kujiua hakukuongezeka kuliko ilivyotarajiwa, na sehemu nyingine kulipungua. Australia wataalamu walikuwa wameonya kwamba kungeweza kupanda kwa hadi nusu. Mwaka 2020 ulipokwisha, waliojiua walikuwa wachache kuliko mwaka 2019. Marekani nako walishuka kidogo mwaka huo, kisha wakapanda tena mwaka 2021.

Kwa nini? Wapo wanaosema mwanzoni watu walijiona wako chombo kimoja, kila mtu akimpigia mwenzake simu. Mimi nadhani fedha ilikuwa na kazi yake kubwa. Kuna waliochambua mamilioni ya simu zilizopigwa kwenye namba za msaada katika nchi kadhaa: wengi walipiga kwa hofu na upweke, lakini simu za wenye mawazo ya kujiua ziliongezeka vizuizi vilipokazwa, na zikapungua serikali zilipoongeza ruzuku kwa waliopoteza kipato. Kwa hiyo vizuizi havikuwa bure, hapo nakupa haki yako. Lakini ona jinsi mkono mtupu unavyoingia kwenye habari hii. Halafu wengi wa wanaojiua duniani wako kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati, na katika nyingi ya hizo hata vifo havisajiliwi vizuri. Hilo ungelisema, ningekupigia makofi.

Ukitaka mfano wa hatari halisi, chukua Japani. Miezi ya mwanzo waliojiua walipungua. Kuanzia Julai 2020 wakaongezeka, hasa wanawake na watoto wa shule. Mwaka ule ulifungwa na watu 21,081, ongezeko la kwanza katika miaka 11, na wanaume walikuwa wamepungua kidogo. Walioongezeka ni wanawake. Wanawake wengi huko walikuwa na vibarua kwenye mahoteli na migahawa, kazi za kwanza kufungwa. Februari 2021 serikali ikateua waziri wa kushughulikia upweke. Nilicheka niliposikia, waziri wa upweke! Kicheko kikaniisha haraka. Kumbe bega la kwanza kuelemewa ni la yule asiyetazamwa, na kuelemewa kwenyewe kunakuja baadaye, wengine wakishasahau.

Na kingine, kisha ninyamaze. Tukizoea kusema "walifungiwa, wakajiua", kana kwamba ndiyo njia ya kawaida ya mtu aliyebanwa, yule aliyebanwa leo anasikia nini? Wewe mwalimu, hayo unayajua kuliko mimi.

Kwa hiyo iondoe. Badala yake sema wengi waliumia rohoni na wapo wanaoumia hadi leo, kisha taja namba ya msaada, uitaje mara mbili, watu wapate nafasi ya kuandika. Ikikupunguzia dakika, rudisha kile kisa cha Bi Tatu na darasa la simu, sijui ulikitoa kwa nini.

Na sasa wewe. Kwenye hotuba umemtaja kila mtu isipokuwa nafsi yako. Unalala? Bado unaamka saa tisa usiku na kuanza kusahihisha madaftari? Na kakako Faraji je? Salha ananiambia tangu astaafu hapokei simu na amegawa vitu vyake vingi, hata ile redio aliyokuwa hataki iguswe. Hilo limenitia wasiwasi kuliko hotuba yako yote. Umemuuliza? Simaanishi "hujambo", namaanisha umemuuliza waziwazi kama anafikiria kujiua? Usiogope kwamba utamtia wazo. Waliolichunguza jambo hili wanasema kuuliza hakumtii mtu wazo, na wengi hupumua wakiulizwa. Ukiona mdomo mzito, niite twende wote. Nani anaishi naye sasa? Anaweza kusindikizwa kwa daktari wiki hii? Na asipokubali, nani anamsikiliza, wewe au Mjomba?

Kwa Faraji usingoje barua, nipigie usiku huu huu. La hotuba linaweza kusubiri hadi Ijumaa.

Wako,
Mwanaidi