Asante kwako uliyenionyesha walikoenda watoto wa Weiser

Ndugu uliyeomba nisikutaje, pokea shukrani zangu hadharani. Nilikuwa nikiwafuatilia watoto wa Johann Conrad Weiser, mgane aliyeondoka Württemberg mwaka 1709 na kufika New York mwaka 1710, pamoja na maelfu ya Wajerumani wenzake. Conrad mdogo hana shida, maana alikuja kuwa mkalimani mashuhuri wa Pennsylvania. Walionipotea ni George Frederick na Christopher Frederick.

Ukaniambia niweke kando orodha za familia, nitazame za wanagenzi. Gavana wa New York, Robert Hunter, aliwagawa watoto wengi kwa mabwana wa kazi, yatima na hata wenye wazazi hai! Kumbe wale wawili walipelekwa Long Island. Ndivyo pia John Peter Zenger, mtoto mwingine wa wahamiaji hao ambaye baadaye alishinda kesi ya gazeti lake mwaka 1735, alivyokabidhiwa kwa mchapaji William Bradford.

Iliniuma kusoma habari za watoto hao, lakini angalau sasa najua walikokuwa. Hukunidai chochote, na kila swali ulinijibu kwa upole. Mungu akuzidishie afya na umri. Sasa nawageukia dada zao.