Mwili wako nao una haki

Swahibu yangu,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Nilipotaka kuandika "natumai u mzima wa afya" kalamu ilisita. Tangu tuagane, bado nakuona ulivyoinuka kutoka sijda: mkono mmoja umeshika goti, mwingine umeukita chini, midomo imekauka. Ulikuwa siku ya nne mfululizo umefunga sunna, usiku hulali kwa kisimamo cha sala, na vidonge vyako vya ugonjwa wa sukari umeviacha nyumbani. Nilipokuuliza ukanijibu, "Mwenye kumtegemea Mungu haogopi." Niliona haya kukubishia mbele ya watu, lakini moyo haukutulia.

Unakumbuka kisa cha masahaba Salman na Abu Dardaa, Mwenyezi Mungu awawie radhi? Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwaunganisha undugu. Salman akaenda kumtembelea nduguye, akamkuta mkewe hajitunzi tena. Mke huyo akamwambia Salman kwamba mumewe hana haja na dunia. Chakula kikaandaliwa, Abu Dardaa akasema, "Kula, mimi nimefunga." Salman akakataa kutia tonge mdomoni mpaka mwenzake ale, naye akala. Usiku Abu Dardaa akainuka aswali. Salman akamwambia, "Lala." Akalala, akainuka tena. "Lala." Usiku ulipokaribia kwisha ndipo Salman akasema, sasa amka, wakaswali pamoja. Kisha akamwambia: Mola wako ana haki juu yako, nafsi yako ina haki, na ahali zako wana haki, basi mpe kila mwenye haki haki yake. Mtume alipoelezwa, akasema Salman amesema kweli. Kimo katika Sahihi ya Bukhari, mkusanyiko wa hadithi za Mtume.

Kinachonigusa zaidi ni ule mkono wa Salman uliokataa kugusa chakula. Alimpenda nduguye kiasi cha kukaa na njaa naye.

Dawa haipunguzi tawakkul, yaani kumtegemea Mungu, ndugu yangu. Mtume mwenyewe alihimiza watu wajitibu, kwa kuwa Mwenyezi Mungu hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia dawa. Na Ramadhani, ambayo ni faradhi, aya ya 184 ya Suratul Baqara imempa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine. Faradhi imelegezwa, seuze sunna? Wewe unatumia dawa za sukari. Ukizinywa kisha ukashinda na njaa, sukari yaweza kushuka ghafla: mikono itetemeke, jasho likutoke, akili ivurugike, hata uzimie. Ukizikatiza bila kumwuliza daktari, itapanda. Kote mna hatari. Ukihisi dalili hizo umefunga, kula papo hapo, usingoje Magharibi.

Na ukifuturu usilipize kisasi kwa sahani. Yatosha, kama alivyosema Mtume, vile vitonge vya kuusimamisha mgongo, na kama hapana budi, theluthi ya chakula, theluthi ya maji, theluthi ya pumzi. Usingizi pia uurudishe. Ukiswali Isha, lala. Rakaa mbili za mwisho wa usiku ukiwa na akili timamu nakuombea zaidi ya nane za kusinzia.

Jumamosi mchana naja kwako, halafu tuongozane kwa daktari umwulize kuhusu funga na dozi zako kabla Ramadhani haijaingia. Ukiniandalia chakula kisha ukaniambia umefunga, jua sitakigusa.

Wasalaam,
Nduguyo akupendaye kwa ajili ya Allah